Ng'ombe wa Picha

Sifa zote ni kwa Mungu aliyeumba mwanga kwanza, kabla ya jua, kabla ya jicho, kabla ya kioo chochote cha kuupokea. Namshukuru kwa kunifikisha umri wa miaka sabini na moja, nikiwa na meno machache lakini kumbukumbu ya kutosha, na kwa kunipa mke ambaye pale kumbukumbu inapopungua hunisahihisha hata kama sikumwomba. Haya ninayoandika nimemsomea yote, na amekubali kwamba karibu yote ni kweli.

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Luhende, kijijini kwake upande wa Geita. Katika misiba yetu mingi picha inayowekwa mbele ya jeneza ni ile ya kitambulisho, iliyokuzwa mpaka marehemu anaonekana kama mtu aliyeshtuliwa na askari. Picha ya Luhende haikuwa hivyo. Alikuwa anacheka. Kichwa kimerudi nyuma, pengo la mbele liko wazi, na gongo moja la kutembelea ameliinua hewani kama anayemtishia mpiga picha. Mama mmoja wa kwaya aliitazama muda mrefu, kisha akamwinamia Minza, binti wa marehemu. "Nani alimpiga baba yako picha nzuri hivi?" Minza, machozi hayajakauka, akaninyooshea kidole. "Yule mzee pale. Ndiye aliyekuwa mshenga wetu." Nyuma yangu nikasikia wazee wawili wakinong'onezana. "Huyo ndiye mwenye ng'ombe wa picha?" "Ndiye." "Kumbe yuko hai?" Kisha bega la mmoja likaanza kutikisika, na la mwenzake likafuata, wakajifunika leso usoni. Padri aliwatazama kwa huruma, akidhani wamezidiwa na uchungu. Mimi niliyejua kilichowazidi niliinamisha kichwa, nikamwombea Luhende pumziko, nikajiombea na mimi nisicheke.

Wengi wanaoandika kumbukumbu zao huchagua mwaka mmoja wa ujana. Mimi nikitafuta mwaka ulionifundisha kitu, siupati ujanani. Ujanani nilikuwa najua kila kitu. Mwaka wangu ulinijia nikiwa na miaka hamsini na sita, mwaka niliostaafu kazi ya ukatekista. Kwa miaka thelathini nilikuwa nimewafundisha watu wa Mhunze, kwetu Kishapu, na vigango vya jirani, nikawaandaa kwa ubatizo, komunyo na ndoa, na siku ya kuniaga waamini waliniuliza mbele ya wote ninataka zawadi gani. Ni Wasukuma waungwana, kwa hiyo waliuliza huku wakijua jibu: ng'ombe. Nikasema ninataka kamera. Ukimya ulioingia kanisani siku ile sikuwahi kuupata hata nilipokuwa ninauomba.

Sababu ilikuwepo. Nilikuwa na madaftari yenye majina ya watu wote niliowaandaa, lakini nilipoyafungua niligundua kwamba nina majina na sina nyuso. Kulikuwa na akina Kulwa na Dotto wengi kiasi kwamba sikujua tena nani alikuwa nani. Wapiga picha wa mtaani walikuja sikukuu kubwa tu, na simu za wakati ule zilipiga picha za ukungu, ambazo ungeweza kusema ni ubatizo au ni moto wa nyasi. Nilitaka kutumia miaka niliyobakiza kuziweka nyuso. Mke wangu, Mama Kabula, aliniacha nimalize kushukuru. Alisubiri tufike nyumbani, akapakua ugali wa mtama na mlenda, akakaa, akanitazama.

"Baba Kabula, hiyo kamera inakamuliwa?"

"Haikamuliwi."

"Inalima?"

"Hailimi."

"Ikifa, tutaila?"

Nikamwambia mtu haishi kwa mkate tu. Akasema ni kweli, lakini aliyesema hivyo hakuwa anakataa mkate. Akaniongezea mlenda, na kwa namna alivyouweka nilijua amenisamehe.

Duka nililokwenda lilikuwa Shinyanga mjini, la Bwana Ramesh, ambaye babu yake alikuja kutoka India, na yeye mwenyewe alizaliwa chumba cha nyuma cha duka hilo hilo. Aliuza saa, redio, pasi na kamera. Kisukuma chake kilikuwa kizito kuliko changu. Mimi nimekaa sana na vitabu vya kanisa. Yeye alijifunza kwa wauza pamba. "Mwangaluka, Mwalimu!" alinisalimu, akanivutia kigoda, akamwita mtu alete chai ya tangawizi, ndipo akauliza shida yangu. Nilipomweleza alipanga kamera tatu juu ya kioo cha kaunta. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya rangi ya waridi, na kwenye boksi lake imeandikwa namba ya megapikseli, kubwa kama ya basi. Ya pili ilikuwa ile ya wapiga picha wa harusi, inayobadilishwa lenzi, na mkoba wake peke yake ungehitaji punda. Ya tatu ilikuwa nyeusi, inaingia mfuko wa shati, haina mbwembwe, lakini juu yake ilikuwa na gurudumu dogo lenye herufi, na lenzi yake ilikuwa pana kuliko ya waridi. Namba yake ilikuwa ndogo.

"Nipe ya namba kubwa," nikasema.

"Mwalimu, utapigia wapi picha?"

"Kanisani."

"Kanisani kwenu kuna umeme?"

"Kuna madirisha mawili."

"Basi wewe huna haja ya namba. Una haja ya kamera inayokunywa mwanga. Usiniamini mimi, mimi ni mfanyabiashara. Jaribu." Akanionyesha kule nyuma kabisa, kwenye giza la duka, ambako mama yake, bibi wa miaka themanini, alikuwa amekaa kwenye mkeka akichambua dengu. "Mpige bibi kwa ya waridi na kwa nyeusi, bila taa." Nikampiga kwa ile ya waridi. Alitoka kama kichuguu. Nikampiga kwa ile nyeusi, na palepale kwenye kioo chake cha nyuma nikaona sinia, mikono, bangili, na dengu moja baada ya nyingine. Bibi akataka kuona. Akaziweka zote mbili mbele ya macho, akaitazama ya waridi, akaitazama nyeusi, akaguna. "Hii nyeusi inaona sana," akasema. "Mikunjo yote imehesabu. Ramesh, mpe ile nyingine."

Nilichukua nyeusi. Bwana Ramesh aliifunga kwenye karatasi, kisha akaushika mkono wangu juu ya kaunta, kama padri anayetoa shauri la mwisho. "Jambo moja, Mwalimu. Lenzi hii ukiiwasha tu, inakuwa pana, inameza chumba kizima. Nzuri kwa kanisa. Lakini ukitaka sura ya kweli ya kitu, usikisogelee. Rudi nyuma, simama mbali, halafu ivute kwa kitufe hiki. Karibu sana hudanganya." Nikasema nimeelewa. Kumbe nilikuwa nimesikia tu, na tofauti ya mambo hayo mawili nilikuwa nimewafundisha wanaojiandaa kubatizwa kwa miaka thelathini.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa katika lugha nyingi, na Kiswahili hakikuwemo. Nilikisoma kwa Kiingereza, na kamusi pembeni, ukurasa mmoja kila asubuhi baada ya sala, kwa utaratibu ule ule niliosomea Maandiko. Betri niliichaji kwenye kibanda cha kuchajia simu pale sokoni, ambako mwenye kibanda aliniuliza kila siku kama hiyo simu yangu inapiga nchi za nje. Mwezi wa kwanza ulinifedhehesha. Kamera hii ina tabia: ukibonyeza kitufe nusu, inalia "pii" kuonyesha kwamba imeona, ukimalizia kubonyeza, ndipo inapopiga. Watu wetu, ukiwaambia unawapiga picha, husimama wima kama nguzo, mikono ubavuni, pumzi wamezizuia, bila tabasamu, kwa sababu picha si jambo la mchezo. Walikuwa wakisikia "pii", wanashusha pumzi na kutawanyika. Ninazo bado picha za mwezi ule: kwaya inaondoka, wabatizwa wanaondoka, paroko ameshageuka anaelekea kwenye chai. Ni mke wangu aliyenitoa kwenye shida hiyo, akiwa anamenya viazi na wala hakuinua macho. "Waambie ile 'pii' ni kengele ya kuingia Misa, siyo ya kutoka." Jumapili iliyofuata nikatangaza hivyo, na tangu siku hiyo hakuna aliyeondoka.

Halafu nikaanza kupatia, na kupatia ndiko kulikoniponza. Nilijifunza kuzungusha lile gurudumu na kuiachia kamera inywe mwanga wa madirisha mawili hadi uso wa mtoto kwenye maji ya ubatizo uonekane kama ulivyo. Nilijifunza kuibana kamera kifuani isitikisike. Na bila mtu kunifundisha nikapata mazoea ya kupiga picha nikiwa nimepiga magoti. Magoti yangu yamezoea. Nilikuwa nikiinua tu kamera, yenyewe yanakunjika. Siku moja nilipiga magoti mbele ya jogoo wa Mama Kabula, karibu kabisa, nikambonyezea. Kwenye kioo alionekana kama mbuni mwenye hasira. Watu walikuja kumwona. Wakamtazama kwenye picha, wakamtazama uani, wakasema, "Kamera ya Mwalimu ni nzuri sana." Na mimi, Mungu anisamehe, nikakubali kwamba ni nzuri sana, na kwamba mpigaji naye si haba.

Ndipo likaja suala la Shija. Shija alikuwa mtoto wa rafiki yangu Masanja, mfugaji, mtu mrefu kuliko wote Mhunze, ambaye huinama kwenye kila mlango, hata wa kanisa. Kijana alikuwa amekwenda Geita kuendesha karasha, mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, na huko akampata Minza, binti wa Mzee Luhende. Masanja akaniomba niwe mshenga. Nilikwenda, nikapokelewa vizuri, nikala sato na ugali wa muhogo, na tukaelewana kuhusu ng'ombe ishirini. Likabaki jambo moja. Kwa desturi yetu wazee wa binti huja zizini kwa bwana harusi kuwaona ng'ombe kwa macho yao na kuwachagua. Hakuna anayekubali ng'ombe wa kusimuliwa. Na Luhende alikuwa amevunjika mguu. Alianza kuchimba choo nyuma ya nyumba, akaona jiwe linang'aa, akaendelea kuchimba, choo kikawa shimo la dhahabu lisilo na dhahabu, na asubuhi moja akashuka ndani bila kutumia ngazi. Mguu ulikuwa kwenye plasta, umenyooshwa juu ya kigoda.

"Mtume mdogo wako," nikamshauri.

"Ng'wandu? Ng'wandu akipewa supu, kila ng'ombe kwake amenona." Akafikiri, akaitazama kamera iliyokuwa inachungulia mfukoni mwangu. "Mwalimu, wewe ni mtu wa kanisa. Umewahi kusema uongo?"

"Nikiwa mdogo."

"Basi wapige picha hao ng'ombe uniletee. Jicho lako litakuwa jicho langu. Nitakachokiona kwenye picha, ndicho nilichokiona zizini."

Niliitikia kwa unyenyekevu mkubwa, na ndani yangu nikajisikia mtu mkubwa sana. Binti wa watu, kijana wa watu, na koo mbili zisizojuana, zote zimesimama juu ya neno langu na kamera yangu.

Nikarudi Kishapu, nikaenda zizini kwa Masanja alasiri, wakati jua limelegea. Masanja alimleta ng'ombe mmoja mmoja, akasimama nyuma yake ameshika kamba asisogee. Mimi nikapiga magoti mbele, karibu kiasi cha kulambwa, nikabonyeza. Ng'ombe wa Kishapu mwishoni mwa kiangazi mnawajua: wafupi, wavumilivu, mbavu zinahesabika. Lakini kwenye kioo cha kamera alitokea mnyama mwenye kifua kama mlango wa ghala na pembe zinazogusa mawingu. Masanja aliinama kutazama.

"Huyu ni wangu?"

"Ni wako."

"Yule wa pua nyeupe?"

"Huyo huyo."

Akamgeukia ng'ombe wake, akamtazama upya, kwa heshima. "Kumbe sikuwa namtazama vizuri," akasema. Hakukuwa na hila yoyote kati yetu. Tulikuwa wazee wawili wanaomshukuru Mungu kwa mifugo.

Nikazisafisha picha kwa saizi kubwa, nikazipeleka Geita. Luhende alizipanga mezani, akazitazama moja moja, akaita mkewe, akaita majirani. Baada ya chakula cha mchana nilipelekwa chumba cha wageni nipumzike. Ukuta wa chumba hicho ulikuwa wa mbao na haukufika darini, nao walidhani nimelala.

"Baba Minza, hawa ni ng'ombe au vifaru?"

"Ng'ombe wa Kishapu hao. Nyasi zao kavu, zina chumvi."

"Na huyu mtoto aliyeshika kamba nyuma?"

"Mwalimu amesema ndiye baba yake Shija."

Nikasikia picha ikiinuliwa mezani.

"Huyu?"

"Huyo."

"Mbona anamfika ng'ombe begani?"

"Labda amesimama kwenye shimo."

"Mashimo unayajua wewe." Kisha sauti ya mama ikashuka. "Shija si mfupi, lakini ufupi huwa unaruka kizazi. Wajukuu wetu je?"

"Mama Minza, mjukuu mfupi mwenye ng'ombe wa namna hii hataitwa mfupi."

Nilijifunika shuka mpaka kichwani. Ningeweza kutoka nikasema kwamba Masanja ni mrefu. Nilifikiri tu kwamba hawajui kusoma picha, na kwamba ni kazi yangu, kama mwalimu, kuwavumilia. Jioni Luhende akanitamkia uamuzi wake kwa furaha. Ishirini alikuwa amewataja kabla hajawaona. Kwa ng'ombe wa ukubwa huu, kumi na wawili wangetosha kabisa, na tena alikuwa na wasiwasi wa mahali pa kuwaweka. Nilipoondoka alfajiri niliwaacha watu wawili wakibomoa mlango wa zizi lake ili kuupanua.

Ng'ombe walifika kwa lori wiki chache baadaye, mimi na Masanja tukiwa mbele na dereva. Kijiji kizima kilikuwa kimekuja. Wachimbaji walikuwa wameacha mashimo yao, wamekaa juu ya ua wa zizi, na picha zangu zilikuwa zimepachikwa kwenye ukuta wa nyumba, mbele, ambako kila mtu angeziona. Luhende alikuwa amevaa koti, amekaa kwenye kiti mbele ya nyumba, akilitazama lile lango jipya la zizi, ambalo sasa lingepitisha lori lenyewe. Wa kwanza kushuka alikuwa Masanja. Alitoa mguu mmoja, akatoa wa pili, akaanza kunyooka, na akaendelea kunyooka. Mama Minza akapiga vigelegele. "Asante Yesu! Ni mrefu!" Nilidhani siku imeanza vizuri. Kisha wakashusha mlango wa nyuma, na ng'ombe kumi na wawili wa Kishapu wakateremka, vumbi limewajaa, wakapita kwenye lango lile pana kama kuku wanaoingia kanisa kuu.

Luhende aliwatazama mpaka wa mwisho alipoingia. Kisha akanigeukia, kwa upole kabisa.

"Ndama wazuri hawa, Mwalimu. Mama zao wako lori lipi?"

Wachimbaji walianguka kutoka juu ya ua. Luhende hakucheka. Ng'wandu, yule mdogo wake, akasema labda wamebadilishwa njiani, pale Isaka, lori lilipopumzika. Masanja akaapa hawakubadilishwa. Wakaitoa ukutani picha ya yule wa pua nyeupe, wakamleta mwenyewe, wakalinganisha: pua ile ile, kovu lile lile la sikio, ila mnyama amekuwa kama sweta lililofuliwa kwa maji ya moto. "Basi ni uchawi," mtu akasema. "Siyo uchawi, ni mshenga," mwingine akajibu. Mlangoni mwa jikoni nikamwona Minza ameweka kanga mdomoni. Shija alikuwa amesimama pembeni ya karai la maji, mikono imening'inia, kama mtu ambaye nyumba yake inaungua na hajui aanze kuokoa nini. Luhende akainua mkono, watu wakanyamaza.

"Sitaki ugomvi na watu wa Kishapu," akasema. "Wao walileta ng'ombe walio nao. Lakini Mwalimu, wewe nilikupa jicho langu. Ukalirudisha namna hii? Nyumba ambayo mshenga wake ni mwongo, binti yangu hataingia. Wapakieni ng'ombe wenu."

Kweli sikujua nimefanya nini. Nilikuwa nimewafundisha watu wasishuhudie uongo, na uongo ule hapo, saizi kubwa, kwenye ukuta. Nikafanya jambo pekee ninalolijua nikikwama. Nilipiga magoti pale pale kwenye mavumbi, mbele ya kiti chake, nikafumba macho, nikamwomba Mungu aniangazie. Nilipofumbua, kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa mguu wa Luhende, ule wenye plasta, juu ya kigoda, karibu na pua yangu. Ulikuwa mkubwa. Ulikuwa mkubwa kuliko kichwa chake, ambacho kilikuwa kule nyuma, juu, kidogo, kinanikasirikia. Nikamfikiria ng'ombe, na Masanja aliyesimama nyuma yake. Nikamsikia Bwana Ramesh akiwa ameushika mkono wangu juu ya kaunta. Karibu sana hudanganya.

Nikaitoa kamera, nikiwa bado nimepiga magoti, nikabonyeza.

"Unanipiga picha na huu ni msiba?" Luhende akang'aka.

"Tazama, Baba Minza. Tafadhali, tazama kwanza."

Akaichukua. Mguu wake ulikuwa umejaa kioo chote kama mtumbwi uliovutwa ufukweni, na kule mwisho wa mtumbwi kulikuwa na kichwa cha ukubwa wa limau. Alitazama. Akautazama mguu wake wa kweli. Akajishika kichwa, kwa mikono miwili, kukipima. Nikamweleza kwamba kilicho karibu na lenzi hii huvimba na kilicho nyuma yake hunywea. Kwamba nilionywa nikiwa dukani na sikutii. Kwamba kila ng'ombe nilimpiga namna hii hii, nikiwa nimepiga magoti mbele yake, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Nikasema kosa ni langu peke yangu. Kwa fidia nitatoa mtamba wangu, ambaye ndiye ng'ombe pekee tuliye naye nyumbani, na kamera aichukue.

Luhende akayatazama magoti yangu pale kwenye mavumbi. Kisha midomo yake ikaanza kucheza.

"Ng'wandu," akasema, "huyu mtu hakusema uongo. Waliosema uongo ni magoti yake."

Kicheko kilichotoka pale nadhani kilisikika hadi kwa wachimbaji wa chini kabisa. Masanja, ambaye alikuwa hajui ajikasirikie au ajicheke, akasimama kwa urefu wake wote na kusema ishirini ni ishirini, wale wanane waliobaki watafuata, maana hakutaka binti wa watu atolewe kwa hesabu ya picha. Mtamba wangu akapokelewa juu yao, kama adhabu ya magoti. Kamera Luhende aliikataa. "Kitu hicho sikai nacho nyumba moja. Jirani akikipata, kesho nitasikia shimo langu lina dhahabu." Halafu akajinyoosha koti. "Ila kabla hujaenda, nipige mimi. Ukweli mtupu. Nione kama unaujua."

Nikasimama. Nilirudi nyuma hatua kumi. Nikarudi nyingine kumi, nikatoka kwenye uwanja, nikapita lile lango pana, nikaingia kati ya ng'ombe, nikaendelea hadi mwisho wa zizi, na watu wote wakinitazama. Luhende aliona nimezidi kuwa mdogo. Akainua gongo, akapiga kelele: "Mwalimu! Unakimbilia wapi? Mtamba bado!" Na akacheka mwenyewe, kichwa kimerudi nyuma, pengo liko wazi. Nikaivuta lenzi mpaka akajaa. Ikalia "pii". Nikamalizia.

Mama Kabula alinisikiliza hadi mwisho nilipofika nyumbani, akaenda kumtazama mtamba wetu, akarudi. "Nilikuuliza kama kamera inakamuliwa," akasema. "Sikujua kwamba itatukamua sisi." Baadaye akajifunga kilemba kipya akataka na yeye apigwe, na hakukubali niinue kamera mpaka nimetoka nje ya uzio. Bwana Ramesh, nilipomwendea kumsimulia, alicheka hadi akavua miwani. Bibi yule kule gizani, anachambua choroko safari hii, hakucheka. "Nilisema mpe ile nyingine," akasema. Na kwenye minada yetu hadi leo, mtu akisifia mno mali yake, mnunuzi atamuuliza kama huyo ni ng'ombe wa kweli au ni ng'ombe wa picha. Wengi wanaoutumia msemo huu hawajui kwamba mwenye nao ndiye yule mzee anayepita na fimbo.

Kamera yenyewe ilipiga nyuso za wabatizwa kwa miaka mingi baada ya hapo, nikiwa nimesimama. Siku hizi lenzi haitoki tena. Naiweka kwenye boksi moja na rozari yangu ya zamani, kwa sababu zote mbili zilinifundisha kutulia. Kule msibani, baada ya maziko, Shija na Minza walinileta mbele ya ile picha pamoja na watoto wao, ambao wote, nawahakikishia, ni warefu. Mdogo wao akaniuliza babu alikuwa anamcheka nani. Nikamwambia alikuwa ananicheka mimi, na kwamba ni neema kubwa kuchekwa hivyo na mtu aliyekuwa na haki ya kukufukuza. Kisha nilipiga magoti mbele ya jeneza kumsalia, taratibu, maana magoti yamezeeka, na kutoka nyuma nikamsikia mzee mmoja akinong'ona, "Mwangalieni, anataka kumkuza." Nina hakika Luhende alikuwa wa kwanza kucheka.

Nawe uliyenisoma hadi hapa, Mungu akutazame akiwa mbali kiasi cha kukuona mzima, asiivimbishe aibu yako wala asiufanye wema wako kuwa mdogo; na ukianguka, awe karibu kiasi cha kukushika mkono. Akupe watu wa kukucheka kwa upendo, na siku yako itakapofika, picha yako iwe ya kweli, na ndani yake uwe unacheka. Amina.